Shahidi wa Kitu Kinachoyeyuka

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa na wanateolojia wameyarudia tangu kale bila kuyamaliza, limo lile linalohusu uzuri usio na mtazamaji: kitu kizuri kikitokea, kikadumu muda mfupi, kisha kikatoweka pasipo jicho la mwanadamu kukiona, je, uzuri wake ulikuwa na maana yoyote, au ulipotea bure? Swali hili linaweza kujadiliwa kwa mifano mingi, kwa kuwa bahari, misitu na anga vimejaa vitu vya namna hiyo, lakini ni vigumu kupata mahali linapojitokeza waziwazi kuliko katika kazi ya wale wanaotoka nje majira ya baridi kali, wakati joto limeshuka nyuzi nyingi chini ya sifuri, ili kupiga picha ya kitu ambacho hakitakuwapo tena baada ya dakika chache. Theluji hushuka kwa wingi usiohesabika, na chembe yake iliyobahatika kuumbika katika hewa tulivu yenye unyevu wa kutosha huwa na umbo la pembe sita lililopangika kwa ustadi ambao fundi wa nakshi angehitaji siku nzima kuuiga. Kisha chembe hiyo huangukia paa la zizi au maji ya mto, ikaisha.

Mwaka 1611 Johannes Kepler, mwanafalaki aliyekuwa akiishi Prague, alitoa kijitabu kidogo kuhusu jambo hilo, akiuliza kwa nini theluji huwa na pembe sita na si tano wala saba. Alizipima sababu kadhaa, na mojawapo ya mawazo aliyoyafikiria ni kwamba ile nguvu inayoyapa maumbile sura zake haifanyi kazi kwa ajili ya manufaa peke yake, bali hupamba hata pale ambapo pambo halihitajiki. Leo sababu ya pembe hizo inajulikana: molekuli za maji, yaani zile sehemu ndogo kabisa ambazo bado ni maji, zinapoganda hushikana katika mpangilio wa pembe sita unaojirudia, na umbo kubwa hurithi mpangilio huo mdogo. Mjapani Ukichiro Nakaya, ambaye mwaka 1936 alifaulu kutengeneza chembe ya theluji ndani ya maabara huko Hokkaido, akiiotesha juu ya unywele wa sungura, alionyesha pia kwamba joto na unyevu wa hewa ndivyo vinavyoamua sura itakayotokea, hivi kwamba karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri hutokea sindano na nguzo nyembamba, na karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri hutokea nyota zenye matawi. Maelezo hayo ni ya kweli na yanastahili kushukuriwa, lakini yanajibu namna jambo linavyotokea, na hayagusi swali la kama jambo hilo lina thamani yoyote pale ambapo hakuna wa kulitazama.

Mtu aliyeishi na swali hilo kwa miaka mingi zaidi hakuwa mwanafalsafa wala mchungaji wa kanisa. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, akaishi hapo maisha yake yote akilima na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, alimpa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo mno, naye kijana akaanza kuchora fuwele za theluji alizoziona humo. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake za ndani zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia, na fuwele za theluji zina tabia moja inayomkatisha mchoraji tamaa, kwamba huyeyuka kabla ya kalamu kufika nusu ya kazi. Kwa msaada wa wazazi wake alipata kamera akaiunganisha na hadubini, na baada ya kushindwa mara nyingi, tarehe 15 Januari 1885 alifaulu. Tangu hapo anatajwa kuwa mtu wa kwanza kupiga picha ya fuwele moja ya theluji, na hadi kifo chake mwaka 1931 alikuwa amekusanya picha zaidi ya 5,000.

Inafaa kueleza kwa makini jinsi alivyofanya kazi, kwa kuwa hoja yote ya makala haya imo katika mikono yake. Alifanyia kazi katika banda lisilo na moto, ambamo baridi ya ndani ililingana na ya nje. Theluji ilipoanza kushuka alikinga ubao uliopakwa rangi nyeusi, akazikagua fuwele zilizotua juu yake, akachagua moja na kuinyanyua kwa kijiti chembamba, akaihamishia kwenye kipande cha kioo kilichopoa sawa na hewa, na kuilaza taratibu kwa unyoya wa ndege. Muda wote huo alizuia pumzi, kwa sababu mvuke wa pumzi moja ungetosha kuliharibu umbo alilolifuata. Kisha kioo kiliwekwa chini ya hadubini, kamera ikaelekezwa kwenye mwanga wa dirisha, na sahani ya kioo iliyopakwa dawa ikaachwa ipokee mwanga kwa sekunde nyingi, wakati mwingine hata zaidi ya dakika moja, huku ncha za fuwele zikianza kupungua kwa kugeuka mvuke palepale. Kila kitu kinachomfanya mtu awe hai, yaani joto la vidole, unyevu wa kinywa na mwendo wa kifua, kilikuwa hatari kwa kile alichotaka kukiona.

Hapa ndipo kazi ya banda lile inapokutana na fikra ya dini. Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1943, alifundisha kwamba umakini ulio safi, usiochanganyika na tamaa ya mtu kujipatia kitu, ni wa jinsi moja na sala, na kwamba kosa kubwa la mwanadamu mbele ya kitu kizuri ni kutaka kukila badala ya kukitazama. Kabla yake, Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alikuwa ameeleza kwamba furaha inayotokana na uzuri hutofautiana na furaha ya kushiba au ya kupata faida, kwa kuwa mwenye kuufurahia uzuri hahitaji kitu hicho kiwe mali yake. Mafundisho ya wote wawili ni rahisi kuyakubali kitabuni na ni magumu kuyatenda, maana mwanadamu amezoea kunyoosha mkono. Katika baridi kali yanakuwa sharti la kazi: anayeisogelea fuwele kwa pupa anaipoteza, na anayetaka kuishika anabaki na tone la maji. Maumbile yenyewe humlazimisha mtazamaji ajipunguze, afunge kinywa na kuzuia mkono, ili kitu kingine kipate nafasi ya kuwa kilivyo.

Wapo watakaopinga kwamba kamera ndiyo mkono wenyewe ulionyooshwa, na kwamba mpiga picha ni mwindaji tu aliyebadilisha silaha. Pingamizi hili lina nguvu katika mazingira mengi, hasa pale ambapo anayepigwa picha ni mtu maskini asiyeombwa ruhusa, na hakuna sababu ya kulipuuza. Hata hivyo lina toleo jingine lililo la kina zaidi, ambalo linaweza kujengwa juu ya mafundisho ya Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyeishi katika karne ya 4 na ya 5. Katika maungamo yake Augustino anaeleza kwamba vitu vya duniani ni vizuri kwa namna ya kupita, kama vile usemi unavyokamilika kwa sababu kila silabi inapokwisha kusikika huipisha inayofuata, wala hakuna maana itakayopatikana kwa kuing'ang'ania silabi moja. Ikiwa ndivyo, basi picha ya fuwele ni silabi iliyozuiwa isiondoke, na Bentley, badala ya kuusikiliza usemi wa Muumba hadi mwisho, aliung'ang'ania katikati.

Jibu la pingamizi hilo linaweza kutafutwa mahali ambapo wengi hawangetazamia, yaani katika mjadala wa wanazuoni wa Kiislamu kuhusu uhalali wa picha. Mapokeo ya Mtume yana maonyo makali dhidi ya watengenezaji wa sanamu na sura za viumbe vyenye roho, ingawa katika mapokeo yanayonasibishwa na Ibn Abbas vitu visivyo na roho, kama miti, vimeruhusiwa kuchorwa. Kwa kipimo hicho theluji haina tatizo lolote hata kwa mwenye msimamo mkali. Lakini hoja yenye manufaa zaidi kifalsafa ni ile ya Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye alipoulizwa kuhusu picha za kamera alizitofautisha na uchoraji na uchongaji kwa kusema kwamba mpiga picha haumbi sura yoyote, bali anakizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wanazuoni wengine hawakukubaliana naye, na mabishano hayo yamesikika hadi katika madrasa za pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo tofauti aliyoichora kati ya kuumba sura na kuzuia kivuli ni ya maana kubwa.

Kwa mujibu wa tofauti hiyo, Bentley hakuizuia fuwele yenyewe, wala hakuweza. Fuwele iliendelea na njia yake, ikayeyuka juu ya kioo kilekile, na silabi ya Augustino ikapita kama ilivyopaswa kupita. Kilichobaki katika sahani kilikuwa alama ya mwanga uliokatizwa na fuwele ile, na alama hiyo ina uhusiano na theluji ule ambao maandishi yanao na sauti: maandishi hayamzuii msemaji kuendelea, ila yanamwezesha asiyekuwapo kujua kwamba jambo fulani lilisemwa. Kwa hiyo kazi ya mpiga picha katika baridi haipaswi kuelezwa kuwa ni kuteka wala kuokoa. Ni ushahidi, kwa maana ile nzito ambayo neno hilo linayo mahakamani na katika dini, yaani tamko la aliyekuwapo kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.

Ushahidi, lakini, una masharti, na la kwanza ni ukweli. Watu wengi hudhani kwamba kamera ni shahidi mwaminifu kwa asili yake, ila theluji inaivunja dhana hiyo kwa namna ambayo kila anayejifunza kupiga picha za majira ya baridi huigundua siku ya kwanza. Kipimamwanga, yaani sehemu ya kamera inayopima mwanga ili kuamua kiasi kitakachoingia, kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa pamoja, hutoa rangi ya kijivu cha wastani. Dhana hiyo hufaa mjini na shambani, lakini kikielekezwa kwenye uwanja wa theluji inayong'aa, chombo huona mwanga umezidi, kikaupunguza, na matokeo yake ni theluji ya kijivu iliyofifia kama majivu. Ili weupe uwe mweupe, mpiga picha hulazimika kukipinga chombo chake na kuongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili, ambapo kila hatua huongeza mwanga maradufu ya uliotangulia. Maana yake ni kwamba picha iliyopigwa bila uamuzi wa mtu inasema uongo, na ile iliyorekebishwa na mtu anayejua alichokiona ndiyo inayokaribia kweli. Chombo hakina macho. Kina kanuni tu, na kanuni haikutungwa kwa ajili ya theluji.

Ikiwa uamuzi wa mtu ni wa lazima, mlango wa udanganyifu nao umefunguka, na Bentley mwenyewe aliingizwa katika mgogoro juu ya jambo hili. Katika picha zake za asili fuwele nyeupe ilionekana juu ya mandhari yenye mwanga, ikawa vigumu kuipambanua, hivyo alichukua nakala ya sahani na kwa kisu kidogo akakwangua dawa yote iliyoizunguka fuwele, akifuata ukingo wake kwa subira, mpaka ilipobaki peke yake juu ya weusi mtupu. Gustav Hellmann, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Ujerumani, ambaye mwaka 1893 alikuwa ametoa kitabu cha fuwele za theluji chenye picha zilizopigwa na Richard Neuhauss, alilaumu utaratibu huo kuwa unaharibu kingo za kweli. Yeye na mwenzake walikuwa wameona kwamba fuwele nyingi zina kasoro, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, tawi moja limevunjika, jingine limeganda na matone ya ukungu. Ilhali katika mkusanyo wa Bentley ukamilifu ulitawala. Bentley hakuzua fuwele hizo, lakini alizichagua, kwa kuwa alipenda zilizo nzuri na akaziacha nyingine ziyeyuke juu ya ubao wake mweusi.

Katika sheria ya Kiislamu shahidi hutakiwa awe mwadilifu, na uadilifu huo haumlazimu kuwa ameona kila kitu. Unamlazimu asiongeze, wala asifiche jambo ambalo lingebadilisha hukumu. Kwa kipimo hicho hukumu juu ya Bentley inapaswa kugawanywa. Kuhusu kila fuwele aliyoipiga picha alikuwa mkweli kadiri ya uwezo wa mkono wake, na hata kukwangua mandhari si uongo kwa mtu aliyeeleza waziwazi alichokifanya. Kuhusu theluji kwa jumla alikosea, maana vizazi vilivyokua vikitazama picha zake viliamini kwamba kila chembe inayoanguka ni nyota kamilifu, na jambo hilo si kweli. Kosa hili si la kisayansi tu. Anayezionyesha fuwele kamilifu peke yake kama ushahidi wa hekima ya Muumba anamshuhudia Muumba wa sehemu ndogo tu ya theluji, kana kwamba zile zilizopinda, zilizogongana angani na zilizovunjika zilitoka kwa mwingine. Nakaya alikuwa mwadilifu zaidi, kwa kuwa katika mpangilio wake wa aina za theluji alizipa nafasi yake pia zile zisizo na mpangilio, na kwa kufanya hivyo aliweza kuona kwamba kasoro ya fuwele ni kumbukumbu ya mambo yaliyoipata njiani. Muumini anayemfuata Nakaya hapotezi kitu; anapata mengi zaidi ya kutafakari.

Swali la mwanzo, hata hivyo, bado halijajibiwa, kwa sababu ushahidi unaeleza thamani ya kitu kilichoonwa, na sehemu kubwa mno ya theluji haionwi na yeyote. Hapa inafaa kulikumbuka tukio la Nils Strindberg, kijana wa Kiswidi aliyeondoka Svalbard tarehe 11 Julai 1897 kwa puto kubwa, pamoja na Salomon August Andrée na Knut Frænkel, wakiwa na nia ya kuvuka Ncha ya Kaskazini. Puto liliishia juu ya barafu baada ya siku chache, nao wakatembea kwa miezi kadhaa wakiburuta mizigo, mpaka walipofia katika kisiwa cha Kvitøya. Strindberg aliendelea kupiga picha katika safari hiyo ya miguu. Filamu zake zilikaa ndani ya barafu miaka 33, hadi mabaki ya kambi yao yalipopatikana mwaka 1930, na mtaalamu John Hertzberg huko Stockholm akafaulu kuzisafisha na kupata picha 93, miongoni mwake ile inayoonyesha watu wawili wamesimama mbele ya puto lililolala ubavu katika weupe usio na mwisho.

Picha ambayo imepigwa lakini haijasafishwa huitwa picha fiche: mwanga umekwisha kuzibadilisha chembe za fedha zilizomo katika filamu, lakini badiliko hilo haliwezi kuonekana kwa jicho mpaka dawa ilidhihirishe. Kwa miaka 33, basi, tendo la kuona la Strindberg lilikuwa kweli bila kuonwa, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba picha zile zilianza kuwa na ukweli siku Hertzberg alipozitia katika dawa. Zilikuwa kweli katika giza la barafu, na aliyezisafisha aliipokea tu kweli hiyo. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa picha, hakuna sababu ya kudai zaidi kutoka kwa kitu chenyewe kilichopigwa picha, na fuwele iliyoangukia msituni usiku haihitaji jicho la mkulima wa Vermont ili iwe imekuwa nzuri.

George Berkeley, askofu wa Kiairishi wa karne ya 18, alikwenda mbali zaidi aliposhikilia kwamba kuwapo kwa kitu ni kuonwa, na kwamba vitu haviachi kuwapo watu wanapofumba macho kwa kuwa Mungu anaviona daima. Si lazima kumfuata katika sehemu ya kwanza ili kuguswa na ya pili, ambayo ina mizizi mikongwe kuliko yeye. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapomhoji mja wake anaitaja theluji na ghala zake, na mara anataja mvua inayonyesha katika nchi isiyokaliwa na mtu. Hoja nzima imejengwa juu ya mambo yanayotendeka vizuri pasipo mwanadamu kuwapo wala kushauriwa. Qur'ani nayo inaifikisha elimu ya Mwenyezi Mungu mpaka kwenye jani moja linalodondoka. Kwa mtu wa imani, basi, hakuna fuwele iliyowahi kupotea bila kuonwa, na yule aliyehuzunika kwamba uzuri wa theluji unakwisha bila kumbukumbu alihuzunikia upungufu wa kumbukumbu ya wanadamu, si upungufu wa ulimwengu.

Kutokana na hayo inafuata kwamba theluji haimhitaji mpiga picha, na kwamba anayehitaji ni mwanadamu. Maradhi ambayo wanazuoni wa tasawufi wameyaeleza kwa jina la mghafala, yaani hali ya moyo kupitiwa na usingizi huku macho yakiwa wazi, humpata hasa mtu aliyezoea. Mkazi wa Vermont ambaye kila mwaka huizoa theluji kwa beleshi miezi minne haioni tena, kama mtu wa Unguja asivyoiona bahari. Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali alitenga kitabu kizima katika kazi yake kubwa iitwayo Ihya kwa ajili ya tafakuri, yaani kuvitazama viumbe kwa mpango na kwa muda mpaka vikamfundisha mtazamaji kitu, naye aliihesabu tafakuri kuwa kazi, si hisia inayokuja yenyewe. Bentley aliwapelekea majirani zake theluji yao wenyewe. Wao walimwona mtu wa ajabu, na ni haki kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa macho kati yao.

Kazi hiyo inalipiwa na mwili, na jambo hili halifai kupambwa. Katika baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, betri hupoteza nguvu kwa kuwa mwendo wa kikemia ndani yake hupungua, hivyo za akiba hubebwa ndani ya nguo zikigusana na joto la kifua; filamu ya kizamani hukauka ikavunjika kama jani; chuma cha kamera hunata kwenye ngozi tupu, na Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara wa Robert Scott huko Antaktika, aligusa chuma cha kamera kwa ncha ya ulimi akaachwa bila ngozi yake. Anayerudi ndani lazima aifunge kamera katika mfuko wa plastiki kabla ya kuvuka mlango, ili unyevu wa chumba chenye moto ugande juu ya mfuko na si juu ya lenzi, na aiache humo mpaka ipate joto polepole. Vidole vikipoteza hisia na kuwa vyeupe, damu haifiki tena, na nyama inaweza kufa mpaka ikakatwa.

Je, picha yaweza kuwa na thamani ya kidole, au ya uhai? Dini zote zinazotajwa hapa zinakataza mtu kujitupa katika maangamizi, na mfano bora wa utii kwa kanuni hiyo ulitokea juu ya barafu. Mnamo Novemba 1915, baada ya meli ya Endurance kupondwa na barafu ya Antaktika, mpiga picha Frank Hurley aliketi na kiongozi wake, Ernest Shackleton, wakazipitia sahani za kioo alizoziokoa. Walibakiza takriban 120, na nyingine takriban 400 wakazivunja moja baada ya nyingine, ili Hurley asije akashawishika kuzirudia na kuulemeza msafara. Kuvunja ushahidi kwa mkono wa shahidi mwenyewe, ili watu waishi, ni tendo linalopaswa kuhesabiwa pamoja na picha zilizobaki. Bentley naye alifariki tarehe 23 Desemba 1931 kwa nimonia baada ya kutembea kurudi nyumbani katika dhoruba ya theluji, majuma machache tu baada ya kuchapishwa kwa kitabu chenye picha zake zaidi ya 2,400. Safari hiyo haikuwa ya kupiga picha, na wanaomfanya shahidi aliyefia sanaa wanamwongezea asichohitaji.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mambo haya si ya mbali. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Shahidi alikuwa mkweli, lakini hakuwa na cha kuwaonyesha walio mbali. Tangu mwaka 1912 hadi 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu ya mlima huo ilikwisha kutoweka, na ramani na picha za zamani ni sehemu ya kinachowezesha kulithibitisha jambo hilo. Kila usiku waongozaji na wapagazi hupanda kuelekea kilele cha Kibo katika baridi inayozima simu na kamera, wengi wao wakiwa wameiona barafu hiyo kwa miaka mingi kuliko mtafiti yeyote. Basi anayefika huko na kamera asiridhike kupiga picha yake mwenyewe chini ya kibao cha kilele. Aigeukie barafu, apige hata sehemu iliyovunjika na kuchafuka, asimame mahali ambapo mwingine anaweza kusimama tena, na aandike tarehe, saa na mahali, kama mkulima wa Jericho alivyoandika hali ya hewa kwa kila fuwele yake.